Shajara ya mradi: kupunguza petroli kwenye mtumbwi wa kubeba dagaa, Igombe, Mwanza

Shajara hii inafuata mtumbwi mmoja tu. Ni wa mbao, mita 10 kutoka omo hadi nyuma, mita 9 zikiwa ndani ya maji, upana mita 1.8. Kazi yake ni kuleta dagaa wakavu kutoka kambi za visiwani hadi mwaloni, yaani ufukwe wa kushushia mzigo. Mashine ni ya nguvu farasi 40, mipigo miwili, ya petroli ya kuchanganya na oili. Njia ni kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, siku 22 hivi kwa mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa na kambi zinalala. Siku hizo za mwezi ndizo tulizotumia kupandisha mtumbwi nchi kavu, ili mwenye chombo asipoteze kazi.

Petroli imehesabiwa kwa shilingi 3,000 kwa lita mwanzo hadi mwisho. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na kama tungefuata kila badiliko, akiba iliyoletwa na mtumbwi ingechanganyika na iliyoletwa na pampu. Upande wa kaboni, lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksidi. Kila lita iliyoandikwa humu zidisha kwa hiyo.

3–7 Februari 2025: kupima, na dumu lililotudanganya

Nahodha alisema anatumia dumu moja na nusu kwa siku, na kitabu cha mwenye chombo kimeandika lita 30. Lakini dumu la njano linaloitwa la lita 20 hujazwa hadi shingoni, na hapo linameza karibu lita 22. Tulijaribu kulichora alama kwa kalamu ubavuni. Haikufaa: plastiki inavimba juani na alama zinapanda.

Kilichofaa ni mizani ya kuning'iniza inayosoma hadi gramu 10 (shilingi 28,000) na tangi dogo la lita 12 ambalo mpira wake unachomoka. Tangi linapimwa kabla na baada ya mbio. Lita moja ya petroli yetu, ikipimwa asubuhi kabla ya joto, ilikuwa na gramu 740, basi uzito unagawanywa kwa hapo. Mizunguko ya mashine inasomwa na takometa ndogo ambayo waya wake unazungushiwa kwenye waya wa plagi (shilingi 35,000). Mwendo unasomwa kwa GPS ya simu.

Mstari wa kupimia ni kilomita 2 sambamba na ufuko. Kila mwendo tunaupima kwa kwenda na kurudi mara mbili, jumla kilomita 8, kisha wastani. Ukipima upande mmoja tu unapima upepo. Muda ni kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Vipimo vya siku tuliyochelewa hadi saa 5 vilitofautiana kwa zaidi ya moja ya tano, tukavitupa. Mzigo ni viroba 20 vya mchanga vya kilo 50, maana dagaa hunyonya unyevu na gunia la leo si zito sawa na la jana.

Matokeo ya mwanzo, na mzigo wa tani moja: mwendo wa kilomita 10 kwa saa, lita 0.34 kwa kilomita. Kilomita 12, lita 0.45. Kilomita 14, lita 0.62. Mkono wa gesi ukifunguliwa wote, kilomita 16.8 kwa saa na lita 0.80 kwa kilomita, mashine ikizunguka mara 3,900 tu kwa dakika wakati mtengenezaji anataka 4,500 hadi 5,500. Hiyo 3,900 iwekeni akilini, itarudi mwezi wa Aprili.

8 Februari: mwendo

Hatua hii, ya kupunguza mwendo, haikugharimu hata senti, na ndiyo iliyokata petroli nyingi kuliko nyingine zote.

Mtumbwi unaolima maji, yaani usiopanda juu ya maji kama boti ya kasi, hutengeneza wimbi lake mwenyewe. Kadiri unavyokwenda kasi, wimbi hilo linarefuka, mpaka urefu wake unalingana na urefu wa mtumbwi. Hapo omo iko juu ya wimbi, nyuma imezama bondeni, na kila gesi unayoongeza ni ya kupanda mlima ambao umeujenga wewe. Hesabu ya haraka: kipeuo cha pili cha mita zilizo ndani ya maji, mara 4.5. Kwetu mita 9, kipeuo chake 3, mara 4.5 ni kilomita 13.5 kwa saa. Zaidi ya hapo unanunua povu.

Ushahidi unaonekana kwa macho. Kwa kilomita 12 maji yanaachana nyuma ya mtumbwi kwa mikunjo laini. Kwa 16.8 kuna shimo nyuma ya mashine, na wimbi la pili linasimama mita chache likifuata kama ng'ombe anayeburutwa.

Kilomita 20 kwa mwendo wa 16.8 ni dakika 71 na lita 16. Kwa mwendo wa 12 ni dakika 100 na lita 9. Nusu saa inauzwa kwa lita 7, yaani shilingi 21,000. Nahodha alikataa, na sababu yake ilikuwa nzuri: akichelewa mwaloni wanunuzi wa jumla wameshafunga mzigo. Tukakubaliana aondoke kambini nusu saa mapema wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda, mtumbwi ukiwa mtupu, hakuna anayemsubiri.

Meli kubwa za baharini zinafanya hivyo hivyo. Kanuni za kaboni za Shirika la Kimataifa la Bahari zilizoanza 2023 huzipa meli za kuanzia tani 5,000 za ujazo alama za A hadi E kila mwaka, na njia rahisi ya kupanda alama ni kupunguza mwendo. Kanuni hizo hazimgusi mwenye mtumbwi wa mita 10. Wimbi halibagui.

Kuanzia hapa vipimo vyote ni vya mwendo wa kilomita 12 kwa saa, mzigo tani moja. Alama ya kuanzia: lita 0.45 kwa kilomita.

11–19 Machi: kupandisha, kusugua, kukalafati

Kabla ya kupandisha tulipima maji ya ngama, yaani yanayovuja na kukusanyika ndani ya mtumbwi, baada ya kulala usiku mmoja: ndoo 7 za lita 20, yaani kilo 140 zinazosafiri bure kila siku. Nahodha huzifua akiwa njiani, na ngama haikauki mpaka safari iko katikati.

Chini ya mtumbwi kulikuwa na utelezi wa kijani wa unene wa shilingi, na vile vipande vya bati vinavyopigiliwa juu ya maungio kuzuia maji. Kingo za bati zilikuwa zimefunuka. Ukipitisha kiganja kutoka nyuma kwenda omo hakuna kinachokukwaruza. Ukirudisha kiganja, unachanika. Maji hupita upande gani? Fundi alikuwa amezipandanisha kinyume, ncha zikitazama mbele. Tulihesabu ncha 31.

Kazi yenyewe ni ya kawaida: bati zote kutoka, pamba mpya kwenye maungio, misumari isiyoshika kutu, vichwa vya misumari vizamishwe na kuzibwa, kisha msasa. Angalizo moja: usishindilie pamba kwa nguvu kwenye mbao zilizokauka. Mbao zikinywa maji zinavimba, na pamba iliyokazwa inasukuma ubao utoke kwenye mataruma, mbavu za mtumbwi. Lilitupata kwenye ubao wa pili kutoka mkukuni, ule uti wa chini wa mtumbwi. Msumari ulitoka wenyewe siku ya pili majini. Mtumbwi ukishushwa lazima uvuje siku ya kwanza. Mwache anayecheka acheke.

Gharama shilingi 265,000 pamoja na fundi wa siku 4. Ngama sasa ni ndoo moja na nusu kwa usiku. Kipimo: lita 0.40.

2 Aprili: urefu na mkao wa mashine

Juu ya propela kuna bamba bapa. Mahali pake ni usawa wa mkuku au chini yake kidogo. Letu lilikuwa sentimita 9 chini, kwa hiyo mguu wa mashine ulikuwa ukiburuta maji kama kasia lililosahauliwa.

Tuliongeza kipande cha mninga juu ya ubao wa nyuma, sentimita 8, tukifikiri tumepata zaidi. Majini tulivu kilikuwa kizuri. Mtumbwi ulipokata kona, na ulipopanda wimbi la ubavuni, propela ikameza hewa: mashine inalia ghafla, mwendo unakufa. Kibaya zaidi, maji ya kupoza yanayotoka kwenye tundu la nyuma yakawa uzi mwembamba, kwa sababu mlango wa kunyonyea maji ulikuwa ukitoka nje. Mashine ya namna hiyo haichukui dakika nyingi kuungua. Tulikata kipande hadi sentimita 5. Maji ya kupoza yakarudi unene wa penseli, na hewa haikuingia tena hata kwenye kona kali.

Kisha mzigo. Mashine, tangi, nahodha na abiria wa kupewa lifti wote hukaa nyuma, na mtumbwi unakwenda kama bata, kidevu juu. Viroba 6 vilisogezwa mbele mita moja na nusu mpaka mstari wa maji ukalala sawa. Tulijaribu kusogeza 10: omo inachimba, na mawimbi yakija kutoka nyuma mtumbwi unakataa usukani. Sita vinatosha. Pini ya kuinamisha mashine ilisogezwa tundu moja ili propela isukume mbele, isisukume chini.

Mbao, boliti na fundi: 37,000. Kipimo: lita 0.37.

13 Aprili: rangi imebanduka

Mtumbwi umepanda tena kwa mwezi mpevu, na rangi ya Machi imetoka kwa mapande. Tulikuwa tumepaka baada ya kukausha siku 3. Mbao ilikuwa kavu juu na mbichi ndani. Unyevu ulipotafuta njia ya kutoka, ulitoka na rangi. Shilingi 94,000 zimekwenda na maji.

Safari hii siku 8 chini ya kivuli cha turubai, pande zote mbili wazi kwa upepo. Juani hapana, mbao zinapasuka. Kipimo cha kienyeji: bandika mfuko wa nailoni wa ukubwa wa kiganja kwenye mbao kwa gundi ya karatasi, uache usiku kucha. Asubuhi ukiwa na umande kwa ndani, bado. Rangi ya pili alilipa mwenye chombo kwenye matengenezo yake ya mwaka, haimo kwenye hesabu hii.

Dukani tulishauriwa rangi ya baharini yenye shaba, ile ya kuzuia viumbe kuota. Tuliikataa. Chaza wanaogandamana na meli baharini hawapo kwenye maji baridi. Hapa adui ni utelezi tu, na brashi inautosha. Shaba hiyo ingeishia kwenye maji ambayo watu wanateka mita 20 kutoka hapo.

22 Aprili–9 Mei: propela

Sasa ile 3,900. Baada ya kusafisha ilipanda hadi 4,050, bado chini. Mashine inayoshindwa kufikia mizunguko yake hata mkono ukiwa wazi wote ina propela yenye pichi kubwa mno. Pichi ni umbali ambao propela ingekwenda mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao na yenyewe skrubu. Yetu ilikuwa ya inchi 13, ya kufaa boti nyepesi ya kasi. Kwa mtumbwi wa mzigo ni sawa na kupanda mlima kwa gea namba nne.

Mtelezo, yaani sehemu ya mwendo huo wa skrubu inayopotea majini, unahesabika: mizunguko kwa dakika, mara pichi kwa inchi, mara 0.001524, gawanya kwa uwiano wa gea. Jibu ni kilomita kwa saa bila mtelezo. Gea yetu ni 2 kwa 1. Kipimo cha Februari: 3,900 mara 13 mara 0.001524, gawanya kwa 2, ni kilomita 38.6. Mwendo halisi 16.8. Mtelezo ni asilimia 56.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kubana matumizi, na likashindwa. Tuliipeleka propela ile ile kwa fundi wa kuchomelea akunje mabawa kupunguza pichi, 40,000. Ilirudi inang'aa. Majini mtetemo ulikuwa wa kung'oa meno. Hapo ndipo tulipojifunza kupima pichi wenyewe, jambo tulilopaswa kuanza nalo:

Laza propela kwenye meza bapa, kitovu chini. Chora duara lenye nusu-kipenyo cha sehemu 7 kati ya 10 ya urefu wa bawa kutoka katikati. Kwenye duara hilo weka alama mbili zenye pembe ya nyuzi 30 kati yake. Pima kimo cha uso wa bawa kutoka mezani kwenye kila alama. Tofauti ya vimo mara 12 ndiyo pichi, kwa sababu nyuzi 30 ni sehemu ya 12 ya duara. Mabawa mawili yalitoa tofauti ya milimita 27, yaani milimita 324, karibu inchi 12.8. La tatu lilitoa 23, yaani 276, inchi 10.9. Fundi alikunja bawa moja tu lililokubali. Na tulipoitundika kwenye chuma laini, bawa lile lile lilishuka chini kila mara; lilikuwa zito kwa madini ya kuchomelea. Propela hiyo sasa inazuia mlango wa stoo usifungwe na upepo.

Ya pichi 11 tuliazima kwa jirani: mizunguko 4,400. Kanuni ya mafundi inasema kila inchi moja ya pichi ukipunguza unapata mizunguko 150 hadi 200, na inashika. Basi tukanunua ya pichi 9 yenye kipenyo kikubwa zaidi, inchi 12 na robo, kwa 310,000. Kabla ya kulipa tuliipima dukani kwa rula: milimita 19 mara 12 ni 228, inchi 9 kamili, mabawa yote matatu. Muuzaji aliona tunachelewesha foleni.

Mizunguko 4,800 mkono wazi, mwendo kilomita 17. Mashine inapumua. Kwa kilomita 12 kwa saa mtelezo umeshuka kutoka 55 hadi 45 kwa mia. Kipimo: lita 0.32.

Tahadhari kwa atakayeiga: mtelezo ukipanda ghafla kutoka siku moja hadi nyingine, usilaumu pichi. Ndani ya kitovu kuna bushi ya mpira, ikichakaa inazunguka peke yake. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje. Baada ya safari, mistari ikiachana, bushi imekufa.

17 Mei: oili ya gea kama chai ya maziwa

Kufungua boliti ya chini ya mguu: oili nyeupe. Maji yameingia. Propela ilipotolewa, nyuma yake kulikuwa na uzi wa wavu uliojizungusha na kukata sili, mpira wa kuzuia maji yasiingie. Sili 2 mpya na oili, 24,000. Tangu hapo propela inatolewa kila mwezi mpevu, kazi ya dakika 10. Magugumaji hayakati sili, lakini huziba mlango wa maji ya kupoza, kwa hiyo ukipita kwenye magugu angalia tundu la nyuma.

28 Mei–6 Juni: kabureta na oili

Jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopimia petroli, kiwandani hupangwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu yake, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa asilimia 10 hivi. Jeti ile ile inamwaga petroli ile ile kwenye hewa pungufu: moshi, masizi, na mashine ya 40 ambayo hapa Mwanza ni ya 36.

Tulinunua jeti kubwa za saizi moja chini na saizi mbili chini, jozi kila moja, na kwa tamaa tukaanza na za mbili chini. Namna ya kusoma plagi: endesha na mzigo, mkono wazi wote, dakika 2, kisha zima kwa swichi hapo hapo bila kuiacha inguruma polepole, ndipo utoe plagi. Zilitoka nyeupe kama chokaa, na kwenye kaure kulikuwa na vidoa vidogo vya kung'aa. Hiyo ni alumini ya pistoni ikianza kuyeyuka. Kwenye mipigo miwili petroli ndiyo inayobeba oili, basi ukiibana petroli unaongeza joto na kupunguza ulainisho kwa wakati mmoja. Dakika nyingine 5 na tungekuwa tunaandika shajara ya kununua mashine.

Saizi moja chini: plagi rangi ya kahawa yenye maziwa. Hapo tumeishia. Mashine hii ikiuzwa Tanga au Mafia, jeti za zamani lazima zirudi kabla haijawashwa. Zimefungwa kwenye kikopo pamoja na kitabu chake.

Oili: wasaidizi walikuwa wakimimina lita nzima kwa petroli ya 20, "ili mashine isichoke". Kitabu cha mashine hii kinataka 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20. Oili ya ziada hailindi chochote. Inaziba plagi na kuacha ule utepe wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Zamani lita 18 za petroli kwa siku zilikula mililita 900 za oili. Sasa lita 12 zinakula 240. Kikombe cha kupimia kimefungwa kamba kwenye tangi, vinginevyo kinakwenda jikoni. Kuhusu kuongeza mafuta ya taa kwenye petroli ili kuokoa hela: hayana uwezo wa kuvumilia mgandamizo, mashine inagonga, pistoni inatoboka. Hapana.

Jeti 36,000, gasketi 8,000, plagi 18,000, jumla 62,000. Kipimo: lita 0.30.

10 Juni: hesabu hadi hapa

Vifaa vya kupimia 63,000. Kazi zilizofaa 674,000. Makosa (rangi na kuchomelea) 134,000. Jumla 871,000, bila petroli ya majaribio. Kutoka 0.45 hadi 0.30 kwa kilomita 40 ni lita 6 kwa siku, shilingi 18,000. Fedha inarudi baada ya siku 48 za kazi. Kupunguza mwendo peke yake kulikuwa kumeshaokoa lita 14 kwa siku. Mtumbwi uliokuwa ukichoma lita 32 sasa unachoma 12. Kaboni kutoka kilo 73.6 kwa siku hadi 27.6.

14–27 Julai: mashine ya 15 ya mipigo minne, ya kukodi

Watu wengi huanzia hapa. Sisi tumeiweka mwisho makusudi: ungeweka mashine ndogo kwenye mtumbwi wa Februari, na kilo 140 za ngama na ncha 31 za bati, isingeusukuma.

Mipigo miwili hufungua mlango wa moshi wakati petroli mbichi inaingia, na sehemu yake kubwa, hadi robo na zaidi, hutoka bila kuungua. Mipigo minne haina tundu hilo. Kwa pichi 8: kilomita 12 kwa saa, lita 0.22 kwa kilomita. Mwendo wa juu na mzigo ni 13.2, ambao kwa mtumbwi huu ndio ukuta wenyewe.

Matatizo matatu. Siku ya pili msaidizi alitia oili kwenye petroli kwa mazoea; moshi mweupe, plagi zimelowa, tangi likamwagwa. Tangi la mipigo minne sasa lina utepe mwekundu shingoni. Pili, mguu wa mashine hii ulikuwa mfupi na ile mbao ya sentimita 5 ikabidi itoke. La tatu ndilo zito: tarehe 22 kusi ilivuma, mawimbi ya uso kwa uso, na mkono ukiwa wazi wote mtumbwi ulikwenda kilomita 9.5 kwa saa. Hakuna kilichobaki cha kuongezea. Ile ya 40 siku kama hiyo inashika 12 na bado ina akiba. Wimbi likikugeuza ubavu, akiba hiyo ndiyo inayokurudisha, na jaketi okozi ni za wakati akiba imeisha.

Bei tuliyopewa ni 7,800,000. Akiba ya petroli lita 3.2 kwa siku, 9,600. Ya oili, ukitoa ile ya kubadilisha kila saa 100, kama 1,600. Siku 696 za kazi, karibu miezi 32. Mwenye chombo ameamua kubaki na ya 40 mpaka ichoke, na ikichoka achukue ya 25 ya mipigo minne. Kwa maji ya Juni hadi Agosti tunamuunga mkono.

9 Agosti: kurudia kipimo

Ya 40 imerudi mahali pake, mbao ya sentimita 5 imerudi, mchanga ule ule, mstari ule ule. Lita 0.33. Mtumbwi haukuguswa tangu Juni 11. Tuliupandisha omo tu ufukweni, tukasugua kwa brashi ya makumbi na maji, watu 2, saa mbili. Kesho yake asubuhi: lita 0.30. Utelezi wa miezi miwili, usiofika hata unene wa shilingi, unakula lita 1.2 kwa siku.

Ngama imepanda hadi ndoo 2. Ubao wa pili kutoka mkukuni, ule ule. Utafunguliwa mwezi mpevu wa Septemba.